Je, Wajua? Kinachopita Kati ya Tope na Maji

Chukua panga, lichome kwenye tope la mikokoni maji yakishapwa, ubandue bonge moja. Juu utaona ngozi ya rangi ya kahawia, nyembamba kuliko upana wa kidole. Chini yake tope ni jeusi tii na linanuka yai viza. Liache bonge hilo wazi kwa saa kadhaa kisha urudi ulitazame: weusi umeanza kufifia na rangi inaelekea kwenye kutu. Hujalipaka kitu. Oksijeni ya hewani imelifikia, na chuma kilichokuwa kimeshikana na salfa kimeanza kuachana nayo.

Je, wajua kwamba ndani ya tope la namna hii oksijeni hupenya milimita chache tu? Ndani ya maji oksijeni husambaa polepole mno, takriban mara 10,000 kuliko hewani, na tope la mikokoni limejaa maji katika kila upenyo. Juu ya hayo, bakteria wanaokaa sehemu ya juu huimaliza kabla haijashuka. Anayeishi chini yao atafute kitu kingine cha kupumua.

Milimita hizo chache ndizo zinazotupeleka mbali leo. Naitrojeni, fosforasi, silika na chuma, vyote vinavyoshushwa na mito na kupandishwa na bahari, hupita hapo kabla ya kuzikwa au kurudi majini. Wengi huliona tope kuwa jaa. Mimi naliona ni forodha: mzigo hukaguliwa, mwingine huzuiwa, mwingine huruhusiwa kupita ukiwa umebadilishwa usitambulike. Na kama ilivyo kwenye forodha yoyote, inategemea umefika saa ngapi na nani yuko zamu.

Ile harufu ya yai viza nayo ina asili yake. Kila kilo moja ya maji ya bahari ina salfeti kama gramu 2.7, ilhali maji ya mto kwa kawaida yana kidogo sana. Oksijeni ikiisha, bakteria wa topeni hupumua salfeti badala yake, na wanachokitoa ni haidrojeni salfaidi, gesi ambayo pua ya binadamu huinasa hata ikiwa chembe. Hili si jambo dogo la pembeni. Bo Barker Jørgensen alipopima tope la Limfjorden, Denmark, katika miaka ya 1970, alikuta karibu nusu ya uozaji wote ulifanywa kwa njia hiyo. Juu mtoni, ambako salfeti ni haba, hatua ya mwisho ya kuoza huwaangukia viumbe wanaotoa methani, ambayo haina harufu. Kwa hiyo mtu anayepiga kasia kutoka mdomo wa mto kuelekea bara anaweza kuhisi kwa pua mahali chumvi inapokata tamaa, ingawa kipimo cha chumvi ni cha kuaminika zaidi.

Sasa tufike kwenye chuma, maana hapa ndipo penye utamu.

Mwaka 1941 na 1942 Mwingereza Clifford Mortimer alichapisha utafiti wake kuhusu tope la maziwa ya kaskazini-magharibi mwa Uingereza. Aliweka tope na maji kwenye matangi ya kioo akafuatilia kinachotokea. Maadamu maji yalikuwa na oksijeni, fosfeti, yaani fosforasi katika sura yake ya kawaida majini, ilitulia topeni. Oksijeni ilipokwisha, chuma kiliyeyuka kikaingia majini, na fosfeti ikatoka pamoja nacho. Maelezo yake ni haya: chuma kikiwa katika hali ya kutu hushika fosfeti kwa nguvu. Kutu ikiyeyuka kwa kukosa hewa, fosfeti inabaki haina pa kujishikiza.

Hiyo ni hadithi ya maji baridi. Baharini kuna mchezaji wa tatu, ile salfaidi inayonuka. Hunyakua chuma na kutengeneza nacho madini meusi, ndiyo ile rangi uliyoiona chini ya panga. Chuma kilichoshikwa na salfaidi hakina tena nafasi ya fosfeti. Katika Mto Patuxent, unaoingia ghuba ya Chesapeake nchini Marekani, watafiti wamefuata jambo hili hatua kwa hatua kutoka kwenye maji matamu hadi kwenye chumvi. Udongo mwekundu wa bara hushuka na mto ukiwa umebeba fosforasi iliyogandamana na chuma. Hutua kwenye vinamasi vya juu, hukaa salama. Unaposukumwa chini zaidi na kukutana na maji ya chumvi, salfaidi huchukua chuma na fosforasi huachiwa huru. Udongo uleule, fosforasi ileile. Kilichobadilika ni chumvi ya maji.

Je, wajua kwamba hiyo ni sababu mojawapo inayotolewa kueleza kwa nini mwani wa maziwa na mito aghalabu husubiri fosforasi ndipo ukue, ilhali mwani wa maji mengi ya pwani husubiri naitrojeni? Pwani, fosforasi imekwishalegezwa. Ndiyo maana mshauri anayetaka kuzuia uchafuzi wa ziwa na yule anayetaka kuzuia uchafuzi wa ghuba wanaweza kutoa ushauri tofauti, na wote wawili wakawa sahihi.

Madini yale ya chuma na salfa yana tabia nyingine mbaya. Yakiwa chini ya maji hayana neno. Ukiyakausha, kwa kujenga tuta la kuzuia bahari ili ulime au uchimbe bwawa la kamba, hewa huyageuza kuwa asidi ya salfuri, ile inayotiwa kwenye betri za magari. Huko Casamance, kusini mwa Senegal, ukame wa miaka ya 1970 na 1980 uliwaachia wakulima wa mpunga mashamba makali kwa asidi, yakatelekezwa maeneo mapana. Mtu akikwambia kinamasi cha mikoko ni ardhi nzuri ya kilimo kwa sababu tope lake ni jeusi, mwambie weusi huo si wa mboji peke yake.

Je, wajua kwamba ndani ya tope kuna nyaya za umeme zilizo hai? Mwaka 2010 Lars Peter Nielsen na wenzake wa Chuo Kikuu cha Aarhus, Denmark, waligundua kwamba kinachotokea juu ya tope na kinachotokea sentimita moja chini yake vilikuwa vikiathiriana haraka kupita kiasi, haraka kuliko kemikali yoyote ingeweza kusafiri. Maelezo pekee yaliyofaa yalikuwa mkondo wa umeme. Miaka miwili baadaye walimtaja mhusika: bakteria waliojipanga mkia kwa kichwa, maelfu kwa maelfu, kwenye uzi mmoja wenye urefu wa sentimita na wembamba usioonekana kwa macho. Walio chini hula salfaidi. Walio juu hutumia oksijeni. Elektroni hupita kwenye uzi kuwaunganisha, kwa hiyo jamii nzima inakula gizani na kupumua mlangoni. Tangu hapo bakteria hao wamepatikana sehemu nyingi duniani, zikiwemo tope za vinamasi vya chumvi na za mikoko.

Kwa mintarafu ya virutubishi, kazi yao ni kubwa kuliko umbo lao. Wanapoondoa salfaidi huyeyusha yale madini meusi, chuma hupanda juu, hukutana na oksijeni na kugeuka kutu. Huko Grevelingen, Uholanzi, mwaka 2015 ilionyeshwa kwamba blanketi hilo la kutu lililotandazwa na bakteria katika majira ya baridi na masika lilizuia salfaidi isitoroke kuingia majini mapema kiangazi. Na palipo na kutu, fosfeti nayo hushikwa. Kundi la viumbe wasioonekana linaweza kuchelewesha kwa wiki kadhaa sumu inayoua samaki wa chini.

Naitrojeni ina safari yake peke yake. Mbolea na maji machafu huleta naitreti. Naitreti ikizama kwenye tope lisilo na hewa, bakteria huipumua na kuirudisha angani ikiwa gesi ya kawaida, ileile inayojaza asilimia 78 ya hewa unayoivuta sasa. Imetoka kwenye hesabu ya mto, imekwisha. Ugumu ni kwamba naitrojeni inayotoka kwenye majani yaliyooza chini huwa ni amonia, si naitreti. Ili igeuke naitreti inahitaji oksijeni, na ili naitreti igeuke gesi inahitaji pasiwe na oksijeni. Mambo mawili yanayopingana yanatakiwa kukaa jirani. Mpaka ule wa milimita chache ndipo yanapokaa jirani. Kila tundu la kaa na kila mzizi unaovujisha hewa huuongeza mpaka huo, ukaingia chini kwa kufuata kuta za tundu. Eneo la kazi linakuwa kubwa kuliko uso unaouona.

Iko njia ya mkato pia. Mwaka 1977 mwanakemia wa Austria, Engelbert Broda, alikaa na hesabu za nishati akasema lazima wapo bakteria wanaoweza kuunganisha amonia na naitriti, ndugu wa karibu wa naitreti, moja kwa moja, bila oksijeni, wakapata gesi ya naitrojeni. Hakuna aliyekuwa amewaona. Walijitokeza katika miaka ya 1990 kwenye mtambo wa kusafisha maji taka huko Delft, Uholanzi, na mwaka 2002 ikathibitishwa kwamba jambo lilelile hutokea kwenye tope la bahari. Cha ajabu zaidi, njiani humo ndani ya mwili wao bakteria hawa hutengeneza haidrazini, kemikali kali inayotumika kama mafuta ya roketi.

Je, wajua kwamba tope hilohilo hutoa virutubishi vingi zaidi usiku kuliko mchana? Ule ukungu wa kahawia unaong'aa juu ya tope maji yakipwa ni dayatomu, mwani wa chembe moja wenye ganda la silika. Mchana hutengeneza oksijeni pale juu na hunyakua amonia na fosfeti zinazopanda kutoka chini. Giza likiingia, kazi husimama na mlango hulegea. Baadhi ya vijimea hivi hupanda juu maji yakipwa na kujichimbia kabla maji hayajarudi. Kwenye kingo za Mto Avon, karibu na Bristol, watafiti wa miaka ya 1960 walichukua tope lenye viumbe wa kijani wa namna hiyo wakalipeleka maabara, ambako maji hayajai wala hayapwi. Viumbe hao waliendelea kupanda na kushuka kwa ratiba hata huko.

Maji kujaa na kupwa ni habari ambayo msomaji wa pwani hahitaji kufundishwa, ila kuna upande wake mmoja usiotajwa sana. Mlilana unaosimama mbele unalowa kila siku. Nyuma kabisa, penye mkandaa na mchu mfupi, maji hufika wakati wa bamvua tu, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu. Siku za maji mafu uwanja ule hukauka, chumvi huganda juu, na chini tope linaendelea kupika amonia yake bila mtu wa kuichukua. Bamvua likirudi, limbikizo la siku nyingi huoshwa kwa mkupuo. Mtafiti anayepima siku ya maji mafu na yule anayepima siku ya bamvua wataandika ripoti mbili zisizofanana kuhusu kinamasi kimoja.

Tena, sehemu kubwa ya biashara hii haipiti juu ya tope bali ndani yake. Bahari ikishuka, maji yaliyonaswa kwenye tope na kwenye matundu ya kaa huchuruzika kutoka kwenye kingo za vijito. Simama kwenye kijito cha mikokoni saa ya kupwa kabisa uangalie ukingo: ule mchirizi mdogo unaotoka kwenye tundu, wenye rangi ya chai nyepesi na wakati mwingine utando wa kutu, umebeba kaboni, amonia na silika kwa kiwango kikubwa kuliko maji ya kijito chenyewe.

Kaa wanaofungua matundu hayo wanastahili ukurasa wao. Yule dume mwenye gando moja kubwa kuliko mwili wake hulichota tope la juu, hulichuja mdomoni, hula dayatomu na bakteria, kisha hutema vidonge vidogo vya duara. Kaa wengine huburuta majani yaliyoanguka hadi ndani ya matundu, na jani ambalo lingechukuliwa na maji likabaki kuwa chakula cha tope. Hapo tondo, yule konokono mkubwa wa mikokoni, huingilia. Kwenye mikoko ya Mida, karibu na Watamu, Kenya, watafiti waliwaona tondo wakikusanyika wengi juu ya jani moja mpaka kaa akashindwa kulivuta. Uzito wa wengi ulimshinda mwenye magando. Matokeo ya ugomvi huo si mchezo: jani lililoingia tunduni litaozea chini bila hewa, na lililoliwa na tondo litageuka kinyesi juu ya tope, tayari kwa maji yajayo.

Je, wajua kwamba kuna vinamasi vinavyoiuzia bahari kioo? Dayatomu bila silika hazijengi ganda, na bila dayatomu mlolongo wa chakula wa pwani hudhoofu. Kwenye Mto Schelde nchini Ubelgiji, matete na nyasi za vinamasi vya maji matamu vinavyofikiwa na kupwa na kujaa hujaza silika kwenye majani yao. Ndiyo maana jani la tete hukata kidole. Majani yakioza, silika huyeyuka topeni na kurudi mtoni na maji yanayochuruzika wakati wa kupwa, hasa kiangazi, mto unapokuwa umeishiwa. Mwaka 2006 Wabelgiji walifungulia maji ya mto shamba la zamani liitwalo Lippenbroek, kwa milango iliyopangwa kuingiza maji kwa juu na kuyatoa kwa chini. Baada ya muda mfupi nalo lilianza kutoa silika.

Swali kubwa lililobaki ni lile linaloandikwa kwenye mabango mengi ya hifadhi: je, kinamasi hulisha bahari? Lilianzia mbali. Mwaka 1962 John Teal, akifanya kazi kwenye nyasi za chumvi za kisiwa cha Sapelo, jimbo la Georgia, Marekani, alikadiria kwamba asilimia 45 hivi ya kinachozalishwa pale hutoka kwenda kwenye maji ya nje. Eugene Odum akalijengea hoja hilo mwaka 1968: vinamasi humwaga rutuba baharini. Hoja ilikuwa nzuri, ilikuwa rahisi kueleza, na ilisaidia kuokoa vinamasi vingi visifukiwe. Mwaka 1980 Scott Nixon alikusanya vipimo vya miaka ishirini akaonyesha kwamba mambo hayajanyooka hivyo. Vinamasi vingine hutoa, vingine hupokea. Naitrojeni mara nyingi huingia kwa sura ya naitreti na kutoka kwa sura nyingine, na kiasi hubadilika kwa umri wa kinamasi, umbo lake na mdomo wake wa kutokea bahari.

Kwetu jibu la wazi zaidi lilipatikana ghuba ya Gazi, Kenya. Mwaka 1994 M. A. Hemminga na wenzake walichapisha matokeo ya kufuatilia kaboni kutoka mikokoni, kupitia majani bahari, hadi kwenye matumbawe. Jani la mkoko na jani bahari hutofautiana kwa uwiano wa aina mbili za kaboni, kwa hiyo asili ya chembe inaweza kujulikana hata ikiwa imesagika. Waligundua kwamba mabaki ya mikoko hutoka kweli, lakini sehemu kubwa hunaswa kwenye majani bahari yaliyo jirani, na athari yake hufifia kadiri unavyokaribia matumbawe. Maji yakijaa, chembe za majani bahari nazo hupandishwa mikokoni. Jirani wanabadilishana vyombo. Kuhusu kamba, vipimo vya namna hiyo katika sehemu nyingi za tropiki huonyesha kwamba wanaokomaa nje ya mikoko hujengwa zaidi na mwani kuliko na majani ya mikoko. Mikoko inawapa maficho wakiwa wachanga na tope lake linawakuzia mwani. Kwangu hiyo ni sababu tosha ya kuutunza msitu, hata kama bango litabidi liandikwe upya.

Je, tukimpa kinamasi rutuba ya ziada, si atafurahi? Kwenye Plum Island, Massachusetts, watafiti waliongeza naitreti kwenye maji yanayojaa vijitoni kwa miaka tisa, kwa kiwango kama cha pwani zilizochafuliwa na mbolea. Nyasi za ukingoni zilistawi, zikawa ndefu na nzito. Chini ya ardhi mambo yalienda kinyume: mmea unaopata chakula kirahisi hautoi mizizi mingi, na bakteria waliopata naitreti ya kupumua waliozesha haraka kile kilichokuwa kinalishikilia tope. Nyasi zililala, kingo zikapasuka, mabonge yakaporomokea kwenye kijito. Linda Deegan na wenzake walichapisha habari hiyo mwaka 2012.

Mikoko ina miti na mizizi ya magoti, haiporomoki kirahisi namna hiyo, na mtu anaweza kudhani imesalimika. Mikindani, Mombasa, mikoko ya Tudor imekuwa ikipokea maji taka ya makazi kwa miaka mingi na bado ni ya kijani. Mwaka 2009 Stefano Cannicci na wenzake walitoa matokeo ya kulinganisha mikoko ya aina hiyo, Kenya na Msumbiji, na mikoko isiyopata maji taka. Kwenye maji taka uzito wa jumla wa kaa ulikuwa mkubwa zaidi. Konokono ndio walikuwa wamepungua, na sababu kubwa ni kwamba tondo walikuwa wametoweka.